Watoto Wasioulizwa



Jumapili moja ya kiangazi kilichopita, baada ya ibada, tulikuwa tumeketi kivulini mbele ya kanisa, wazee wa usharika, mwinjilisti, na baadhi ya akina mama waliokuwa wakingoja jua lipungue. Ikaja motakaa imejaa vumbi, ikasimama. Ndani yake walikuwamo wageni kutoka Ulaya, mume na mke na watoto wao watatu, nao waliuliza njia ya Haydom, maana mume alikuwa daktari, naye alikuwa akienda kufanya kazi katika ile hospitali ya Kilutheri ambayo Wanorwe waliifungua mwaka 1955. Mtoto wao mkubwa alikuwa na umri wa miaka sita hivi. Wa mwisho alifungwa kwa kitambaa kifuani pa mamaye, amelala, na vumbi limemkalia kwenye kope. Tukawapa maji, tukawaonyesha njia, wakashukuru, wakaenda zao.

Walipokwisha kuondoka, maneno yakaanza. Mzee mmoja akasema, “Huo ndio upendo. Mtu akiacha mji wake na kuwachukua hata watoto wake, ametoa vyote alivyo navyo.” Mama mmoja aliyekuwa akichambua mboga akamjibu bila kuinua macho, “Mzee, yeye ametoa vyake. Je, yule mdogo ametoa nini, naye hakuulizwa?” Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, wakanitazama mimi. Nikasema, “Ni imani, mama,” nikaaga, nikaenda nyumbani kula. Lakini jibu lile halikunikalia vema. Lilikuwa jibu la mtu mwenye njaa. Kwa hiyo nataka kulijaribu tena mahali hapa, polepole, kwa maana swali la mama yule si la Wazungu tu.

Kwanza nitawakumbusha habari ambayo wazee wetu waliisikia, na vijana wengi hawaijui. Misioni ya Augustana, iliyozilea sharika za Iramba na Unyaturu tangu miaka ya 1920, ilikuwa ya watu wa Marekani ambao baba zao walihama kutoka Sweden. Basi wao wenyewe walikuwa wana wa watu waliovushwa bahari. Bwana Elmer Danielson alifika Tanganyika mwaka 1928, akaitumikia kazi hii miaka arobaini. Vita vikuu vya pili vilipoanza, wamisionari wa Kijeremani walifungwa, na Augustana, ingawa watu wake walikuwa wachache, ilichukua mzigo wa kuziangalia misioni zao zilizobaki kama yatima. Bwana Danielson alikuwa huku Tanganyika, na mkewe, Bibi Lillian, alikuwa Marekani pamoja na watoto wao sita. Akakata shauri kumfuata mumewe.

Wakapanda merikebu ya Misri iliyoitwa Zamzam. Iling’oa nanga karibu na New York mwezi wa Machi 1941, ikiwa na abiria wapatao mia mbili, wengi wao wamisionari wa makanisa mbalimbali, na watoto zaidi ya thelathini. Alfajiri ya tarehe 17 Aprili, katika bahari ya Atlantiki ya kusini, manowari ya Kijeremani iliyojigeuza kama merikebu ya biashara, jina lake Atlantis, ikaipiga kwa mizinga. Fikirini, ndugu zangu, mama mmoja gizani na watoto sita, akiwatafutia nguo na kuwahesabu. Baadhi ya mashua za kuokolea zilikuwa zimetobolewa na vipande vya makombora, zikajaa maji, watu wakaelea baharini. Wajeremani walipotambua kwamba walioko majini ni wanawake na watoto na watu wasio na silaha, wakawaokota wote. Siku ile hakufa hata mtoto mmoja, ila abiria mmoja alikufa baadaye kwa jeraha lake. Wakahamishiwa katika merikebu ya mizigo, Dresden, wakakaa humo zaidi ya mwezi mmoja, hata wakashushwa pwani ya Ufaransa tarehe 20 Mei. Kwa kuwa Marekani ilikuwa haijaingia vitani bado, Wamarekani wakaachiliwa, wakapita Hispania na Ureno, wakarudi kwao. Bibi Danielson na watoto wake sita wakarudi walikotoka, na baba yao akabaki upande huu wa bahari.

Habari hii husimuliwa kama ajabu ya wokovu, nami naisimulia hivyo. Lakini kila niisomapo huiona pia ile saa moja ambayo hatusimulii sana, yaani saa ya mezani, kabla ya safari, mama alipokata shauri. Vita vilikuwa vimekwisha kuwaka baharini. Alijua. Kama mmoja wa wale sita angezama, je, tungesema ni imani, au tungesema ni ujeuri? Jambo lililofanyika lingekuwa lile lile moja, na shauri lile lile, lakini sisi tungebadili jina lake kwa sababu ya mwisho wake. Hiyo si hukumu ya haki. Neno likiwa jema, lilikuwa jema tangu mezani, na likiwa baya vivyo hivyo.

Na katika merikebu ile ile alikuwamo mtu mwingine, Bwana Ralph Hult, mmoja wa watangulizi wa Augustana katika Tanganyika. Huyu naye alikuwa baba wa watoto, nao walikuwa kumi. Mmoja wao, binti jina lake Ingrid, alizaliwa Moshi mwaka 1926. Lakini safari ile ya 1941 hakuwachukua, akawaacha Marekani pamoja na mama yao. Merikebu ilipozamishwa, naye akarudishwa kwao kama wengine. Haukupita muda mrefu akaondoka tena peke yake, akafika Tanganyika, akafa Dar es Salaam mwaka 1943, na wale kumi hawakumwona tena.

Basi hapa ziko njia mbili. Mmoja aliwachukua watoto, nusura bahari iwameze. Mwingine aliwaacha mahali pa salama, na kwa kuwaacha wakampoteza yeye. Ukiniuliza ni yupi aliyetenda vema, siwezi kukujibu, tena namwogopa mtu awezaye kujibu upesi. Maana desturi yetu ni kudhani kwamba hatari iko katika kusafiri, kumbe hata kubaki kuna gharama yake, ila haipigi kelele kama mzinga. Ingrid yule alipokuwa mtu mzima naye akaenda kazini Kamerun, akaandika vitabu juu ya maisha ya nyumbani na ndoa. Sisemi kwamba jambo hilo linalipa kufiwa na baba. Watu wengine hupenda kusema hivyo, “Tazama, watoto nao walifuata, basi hesabu imekwisha.” Mtoto akifanya vema baada ya hasara haifuti hasara.

Wala hao hawakuwa wa kwanza. Krapf, aliyekuwa wa mwanzo miongoni mwa wamisionari wa Kiprotestanti katika pwani yetu, na aliyejitaabisha sana na lugha hii tunayoiandika, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rosine akajifungua mtoto wa kike, akafa kwa homa, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Wakazikwa bara, kuikabili Mombasa. Mtoto yule hakupata hata kuota jino.

Nataka kusema neno juu ya meno, kwa sababu maisha ya mtoto hayapimwi kwa merikebu na vita. Hupimwa kwa jino la kwanza, kuketi bila kushikwa, kusimama, hatua ya kwanza, neno la kwanza. Hayo hutokea mara moja, tena bila kupiga hodi. Aliyekuwapo ameona, asiyekuwapo husimuliwa.

Hapa nitaeleza habari ya nyumbani kwetu, na jina la watu wale sitalitaja.

Nilipokuwa mtoto katika Iramba, miaka ya 1980, mama yangu alikuwa yaya katika nyumba ya wageni, watu wa Ulaya. Mke alikuwa muuguzi, akitoka asubuhi na mapema kwenda kliniki za vijijini kuwapima watoto na kuwachanja, mara nyingine akalala huko. Walikuwa na mtoto mchanga wa kiume. Mama yangu alikuwa naye tangu kulipokucha mpaka jioni, akimbeba mgongoni kwa kanga. Wakati huo mama alikuwa na mtoto wake mwenyewe, dada yangu, aliyelingana na mtoto yule kwa umri, nami na dada tulikaa kwa bibi.

Mtoto wa wageni akaota meno ya juu kwanza. Wasomaji wazee wanajua maana yake. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, naye aliogopwa kwamba ataleta kifo nyumbani, na zamani wengine hawakuachwa wakue. Bibi yangu alipopata habari alimwita mama, akamwambia aache kazi siku ile ile asije akaleta balaa. Majirani wakamkwepa kisimani. Mama yake mtoto alipoelezwa akacheka, si kwa dharau, bali kama mtu asiyeona kitu cha kuogopa, akachukua daftari lake akaandika siku na tarehe ya jino. Mama yangu hakucheka wala hakuacha kazi. Alimfunga mtoto mgongoni, akapita naye njiani mbele ya watu wote kwenda kuteka maji. Nilipokuwa mchungaji nimehubiri mara nyingi juu ya kushinda hofu ya desturi, lakini mahubiri yangu yote hayafiki kimo cha safari ile ya kisimani.

Neno la kwanza la mtoto yule lilikuwa la Kinyiramba. Aliomba maji. Baba yake alifurahi, akawasimulia wageni wote. Mama yake alifurahi pia, lakini mama yangu aliniambia kwamba alimwona ameingia chumbani akakaa peke yake kitambo.

Dada yangu alianza kutembea mwaka ule. Bibi ndiye aliyemwona. Mama alipokuja nyumbani siku ya mapumziko alimkuta anatembea tayari, akamwita, na dada akamkimbilia bibi.

Miaka michache iliyopita yule mtoto wa wageni alirudi, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili wadogo. Waliondoka kwetu alipokuwa na miaka minne. Alituambia kwamba huko walikomwita kwao alilia majira ya baridi yote akiomba ugali, na watoto wa shule wakamcheka kwa matamshi yake. Alimtafuta mama yangu kijiji kwa kijiji. Alipomwona alipiga magoti, akasema, “Shikamoo, mama,” wala hakuweza kusema zaidi, maana Kinyiramba chake kilikuwa kimekwisha potea chote na Kiswahili kilibaki kidogo. Mama akampapasa kichwa, akamwambia afungue kinywa aone meno. Tukacheka sote.

Akatoa daftari la mama yake, aliyekuwa amekwisha kufariki. Akatutafsiria. Siku ya jino iko. Siku ya kuketi iko. Na chini ya siku aliyotembea, mama yake alikuwa ameandika kwamba hakuwapo. Alikuwa kliniki, kulikuwa na surua, na yaya ndiye aliyeona. Basi mimi niliyekuwa nikisikiliza nikashikwa na aibu, kwa maana kwa muda mrefu nilikuwa na kinyongo na mwanamke yule. Nilidhani alimchukua mama yangu ili yeye aone mambo ya mtoto wake, kumbe hakuyaona. Alikuwa akiwatazama watoto wa Iramba waliougua, labda na wa jamaa zangu. Mama yangu alikuwa akimtazama wa kwake. Bibi alikuwa akimtazama dada yangu. Kila mmoja alishika mtoto wa mwenzake, na kila mmoja alikosa wa kwake, isipokuwa bibi, ambaye wa kwake walikuwa wamekwisha kukua.

Sasa nirudi kwa swali la mama mchambua mboga. Alisema kweli kwamba mtoto hakuulizwa. Lakini nikifikiri naona kwamba hapana mtoto aliyepata kuulizwa. Mtoto wa mchunga ng’ombe wa Mgori hakuulizwa kama anataka baba mwenye ng’ombe, naye huzilipa ng’ombe hizo kwa siku zake za shule. Mtoto wa mchungaji hakuulizwa; wanangu wamehamishwa sharika tatu, na wa kwanza alipoteza rafiki kila mara, akaacha kuwatafuta. Hata Isaka aliuliza swali moja tu njiani. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mzazi hana ruhusa kabisa kuyatumia maisha ya mtoto wake, kwa sababu mzazi asiyeyatumia hayupo. Anayelima huyatumia, na anayehubiri huyatumia.

Lakini yako matumizi ya mtu anayejua kwamba anatumia mali isiyo yake, na yako ya mtu anayedhani ni yake. Hana alimtoa Samweli kabla mtoto hajaweza kukubali wala kukataa, na hilo ni jambo zito ambalo sisi wahubiri hulipita upesi. Lakini kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea. Ili kushona kanzu ya mtoto usiyemwona lazima ukisie kimo chake, ukae usiku ukijiuliza amefika wapi sasa, bega, mkono. Mtu aliyetoa na kusahau hashoni kanzu. Daftari la yule mwanamke wa Ulaya nalihesabu katika fungu la kanzu hizo, hasa ule mstari aliouandika juu ya kutokuwapo kwake. Angeweza kuandika tarehe tu, na mwanawe asingejua.

Katika Kiomboi palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa wamisionari, iliyoitwa Augustana vilevile. Wazazi walikaa katika stesheni zao wakiwafundisha watoto wetu, na watoto wao walifundishwa na wengine, wakionana wakati wa likizo. Twawashukuru, na ni haki. Lakini mtu akitokea miongoni mwa watoto hao, leo akiwa na mvi, akasema kwamba aliumia, tusimnyamazishe kwa shukrani zetu. Shukrani ni yetu kwa baba yake. Yeye ana hesabu nyingine, na baba yake akiwa hai yampasa akae aisikilize mpaka mwisho bila kujitetea kwa jina la Mungu.

Na sisi je? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto aliye chini ya miaka kumi na minne asiajiriwe. Lakini kila mwaka, baada ya mavuno, natazama mabasi yakiondoka Singida kwenda Dar es Salaam na Arusha, na ndani yake wamo binti zetu, wengine hawajapata kipaimara, wanakwenda kulea watoto wa watu. Wataona meno ya kwanza na hatua za kwanza katika nyumba ambazo hata majina ya wenyewe hawajayajua vema. Hawa nao ni watoto waliovushwa mbali bila kuulizwa, wala hapana anayewaandikia daftari. Mama yake Musa alilipwa ujira kumnyonyesha mwanawe mwenyewe, jambo zuri mno. Binti hawa hulipwa kidogo kumlea wa mwingine wakati wao wenyewe bado ni wa kulelewa. Wako Wakristo wa sharika zetu waliopokea pesa ya nauli, nami nimewajua, nami siku moja niliandika barua ya kumtambulisha binti mmoja kwa familia ya mjini nikidhani natenda wema. Sikumwuliza yeye. Nilimwuliza baba yake.

Baada ya mgeni wetu kuondoka, mama alikaa kimya jioni yote. Kisha akamwita dada yangu, ambaye sasa ni mwalimu na ana watoto wake, akamwomba kalamu na karatasi, maana mama hajui kuandika vema. Akamwambia aandike kwamba alitembea mwaka ule, wakati wa kuvuna uwele, kutoka mlangoni mpaka kwenye jiwe la kusagia, na bibi alimwona. Dada akauliza ni tarehe gani. Mama akasema hajui. Dada akaandika hivyo hivyo, kwamba tarehe haijulikani, akaikunja karatasi, akampa mama aitunze.